Kwa Baiskeli Hadi Zhujiajiao Siku ya Duanwu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukikaribia mwezi wa Juni, wanafunzi na wafanyabiashara wa kwetu walioko Shanghai huniuliza maswali yaleyale: ule mji wa mifereji unafikika kwa baiskeli? Siku ya sikukuu si patajaa? Nitakula nini? Nimeipiga safari hiyo mara kadhaa, mara tatu katika sikukuu yenyewe, na majibu yangu nimeyakusanya hapa.

Zhujiajiao ni wapi?

Ni mji mdogo wa kale katika wilaya ya Qingpu, magharibi ya Shanghai, kilomita 48 hivi kutoka Renmin Guangchang, yaani Uwanja wa Umma ulio katikati ya jiji. Kiutawala bado ni Shanghai, lakini ukifika utadhani umevuka mpaka. Mifereji imeshika nafasi ya barabara, kuta ni nyeupe, vigae ni vyeusi, na madaraja ya mawe ya zamani ni 36.

Kubwa kuliko yote ni daraja la Fangsheng, lenye matao matano juu ya mto Caogang. Lilijengwa mwaka 1571, enzi ya Ming, kwa fedha alizochangisha mtawa wa Kibudha aitwaye Xingchao, kisha likajengwa upya mwaka 1812. Jina lake lina maana ya kuwaachia viumbe huru. Desturi ilikataza kuvua chini yake, na waumini walikuja kuachia samaki mtoni. Mpaka leo utawakuta akina mama ngazini wanauza samaki wadogo ndani ya mifuko ya nailoni iliyojaa maji, ununue ukawaachie mwenyewe.

Mtu aliyetembea Lamu ataupenda mji huu upesi. Vichochoro vyake ni vyembamba, paa za pande mbili zinakaribia kugusana, na juu unaona mbingu kama uzi tu.

Duanwu ni sikukuu ya nini?

Wengi tunaijua kama Sikukuu ya Mashua za Joka. Ni siku ya tano ya mwezi wa tano katika kalenda ya jadi ya Wachina. Tangu 2008 ni siku ya mapumziko kitaifa, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kisa kinachofundishwa shuleni ni cha Qu Yuan, mshairi na mshauri wa dola la Chu, aliyejitosa katika mto Miluo mwaka 278 kabla ya Kristo. Wanasema watu waliingia mashuani kumtafuta, wakawa wanatupa wali majini ili samaki wale huo wasimle yeye. Lakini Zhujiajiao imekaa kwenye ardhi ya dola jingine la kale, Wu, na pande hizi bado anatajwa Wu Zixu, waziri aliyelazimishwa na mfalme wake kujiua, kisha maiti yake ikatupwa mtoni.

Wazee wakikaa barazani watakupa maelezo ya tatu, na mimi ndiyo ninayoyapenda zaidi. Mwezi wa tano ndio joto na unyevu vinapoanza, wadudu wanatoka na maradhi yanakuja, kwa hiyo nyumba inakingwa. Milangoni hufungwa mashada ya aicao, mmea wa jamii moja na pakanga yetu, pamoja na changpu, majani marefu ya majini yaliyochongoka kama upanga. Watoto hufungwa nyuzi za rangi tano mkononi na kuvishwa vifuko vya manukato shingoni. Mtu aliyelelewa nyumba ya pwani, ubani ukifukizwa magharibi, hahitaji mkalimani hapo.

Inaangukia tarehe gani?

Inahama. Mwaka 2024 ilikuwa 10 Juni, mwaka 2025 ikawa 31 Mei. Mwaka 2026 ni 19 Juni, na mwaka 2027 ni 9 Juni. Sisi tuliozoea mwezi mwandamo tunadhani itazunguka mwaka mzima kama Idi, lakini sivyo. Kalenda ya Wachina inafuata mwezi na jua pamoja, na kila baada ya miaka miwili au mitatu huongezwa mwezi mzima ili misimu isipotee. Ndiyo maana Duanwu haitoki nje ya mwisho wa Mei na siku za ishirini na kitu za Juni.

Metro inafika hadi huko. Kwa nini nijitese na baiskeli?

Ni kweli, laini namba 17 ilifunguliwa tarehe 30 Desemba 2017 na ina kituo cha Zhujiajiao. Ndiyo iliyouletea mji huu umati. Siku ya sikukuu, kuanzia saa tatu asubuhi, watu wanamiminika kutoka kituoni kama wanaotoka uwanja wa mpira. Barabara ya Kaskazini, Beidajie, ambayo ndiyo moyo wa mji wa kale, inajaa hadi unasukumwa na mgongo wa mwenzio.

Mwenye baiskeli anaingia asubuhi mapema. Na asubuhi mapema ndipo sikukuu ilipo. Vibaraza vimefunguliwa, mabeseni ya mchele wa kunata uliolowekwa usiku kucha yako chini, majani yanachemshwa, na bibi mmoja anaweza kufunga zongzi, yaani vifurushi vya mchele huo ndani ya majani, mia moja huku akizungumza na jirani wa ng'ambo ya mfereji. Anakunja jani mkononi, anatia mchele kwa kijiko, anasukumia nyama katikati, anafunika, anafunga kwa uzi akishika ncha moja kwa meno. Sekunde chache tu. Nilisimama hapo mara ya kwanza nikasahau kabisa kwamba nilikuja kuona mashua.

Ukiweza, nenda mkesha wake, siku ya nne ya mwezi. Kazi kubwa ya majikoni hufanyika siku hiyo, na watalii bado wako makazini.

Nipite njia gani?

Njia nyepesi kuikumbuka ni barabara ya taifa namba 318. Inaanzia Shanghai, na jiwe lake la kilomita sifuri liko Renmin Guangchang. Kutoka hapo inakwenda magharibi kilomita zaidi ya 5,400 hadi mpaka wa Tibet na Nepal. Vijana wa Kichina wanaopanda baiskeli hadi Lhasa wanaijua kama sisi tunavyoijua barabara ya Morogoro. Kwako wewe, Zhujiajiao ni kipande kidogo cha mwanzo.

Shida ni kwamba katikati ya jiji barabara kuu nyingi zimepigwa marufuku kwa baiskeli, na zile za juu kwa juu hazikuhusu kabisa. Ukiona alama ya duara jekundu yenye picha ya baiskeli, ingia mtaa wa pembeni unaokwenda sambamba, nao karibu siku zote upo. Ukishavuka eneo la uwanja wa ndege wa Hongqiao mambo yananyooka: unashika barabara ya Huqingping, ambayo ndiyo hiyo 318, unapita Xujing, Zhaoxiang, kisha Qingpu mjini. Hapo zimebaki kilomita saba hivi.

Hakuna mlima hata mmoja. Kinachochosha ni taa za barabarani kilomita 20 za kwanza, na upepo ukiwa wa usoni. Mtu wa mazoezi ya kawaida ahesabu saa tatu na nusu hadi nne pamoja na kupumzika.

Kuna mahali pamoja pa kuchepuka. Qingpu imezungukwa na njia ya kutembea na baiskeli inayofuata mito yake. Ukiwa na nafasi, acha lami ufuate maji kidogo. Utawakuta wazee wanavua, wengine wanafanya taichi chini ya miti, na hutasikia honi.

Niondoke saa ngapi?

Saa kumi alfajiri. Usishtuke. China nzima inatumia saa moja, na Shanghai iko mashariki, kwa hiyo mwezi wa Juni jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja. Utapanda gizani muda mfupi tu, tena mjini kwenye taa. Saa mbili asubuhi uko darajani. Anayeondoka saa moja anafika na umati, akiwa amepikwa na joto.

Baiskeli za kukodi za mtaani zinafaa?

Kwa kilomita 48, hapana. Zile unazofungua kwa simu ni nzito, nyingi zina matairi magumu yasiyojazwa upepo, na siti haipandi vya kutosha kwa mtu mrefu. Tena zina maeneo yake: ukiiacha nje ya mpaka, unatozwa. Zinafaa ukipanda metro hadi Qingpu na kumalizia zile kilomita saba, na hilo si jambo la kuonea haya.

Kwa safari nzima tafuta baiskeli yenye gia, keria na matairi mazima. Nunua iliyotumika kwa mwanafunzi anayemaliza masomo, kwani Juni ndio msimu wao wa kuuza vitu. Na ukiona Phoenix imeegeshwa ukutani, isalimie. Ile Phoenix nyeusi iliyobeba mkaa, ndizi na madumu ya maji vijijini kwetu ilizaliwa Shanghai. Babu yangu alikuwa nayo. Nilipoiona kwa mara ya kwanza katika mji wake, nilisimama nikaipiga picha kama mtu aliyekutana na ndugu.

Barabarani kuna hatari gani kwa mtu aliyezoea Dar au Mombasa?

Ya kwanza, wanapita kulia. Waliotoka Bukavu, Kigali au Bujumbura hawana tatizo. Sisi wa kushoto tunakosea hasa tunapotoka kwenye duka au kituo cha mafuta tukiwa na mawazo mengine. Jiambie kabla ya kukanyaga pedali: kulia.

Ya pili, gari linaloingia kulia linaruhusiwa kupita hata taa ikiwa nyekundu, na madereva wengi hawaangalii baiskeli inayokwenda moja kwa moja. Kila makutano, tazama bega la kushoto kabla ya kuvuka, hata kama taa yako ni ya kijani.

Ya tatu, na hii ndiyo iliyonikuta, ni pikipiki za umeme. Hazina mlio. Mnatumia njia moja, zinakuja nyuma kwa kasi, na wanaopeleka chakula nyumbani kwa watu wana haraka ya kutisha. Mmoja alinigonga usukani nikaanguka kwenye kingo, nikachubuka goti na kiwiko. Usiyumbe, usisimame ghafla katikati ya njia, na ukitaka kupiga picha, panda kando kabisa. Kofia ngumu vaa.

Ukivuka kwenye mistari ya waenda kwa miguu, sheria inataka ushuke uisukume baiskeli. Kukata kushoto kwenye makutano makubwa, fuata wenyeji: nyoosha hadi upande wa pili, simama, geuza, ngoja taa ya pili.

Mvua je?

Inategemea tarehe. Katikati ya Juni huanza meiyu, mvua za plamu, ziitwazo hivyo kwa kuwa ndio wakati matunda yaitwayo mei kwa Kichina, yanayofanana na plamu ndogo, yanapoiva. Zinakwenda hadi Julai, na si za radi na kuisha kama zetu za alasiri. Zinanyunyiza siku nzima, nguo hazikauki, viatu vinaota ukungu. Duanwu ikianguka mwisho wa Mei una nafasi nzuri ya kupata siku kavu. Ikianguka 19 Juni, beba koti la mvua la baiskeli, lile pana linalofunika hadi usukani. Linauzwa kila mahali kwa bei ndogo.

Ila niseme ukweli: asubuhi bora niliyoipata Zhujiajiao ilikuwa ya mvua. Watalii walibaki vitandani, maji yalikuwa ya kijivu, na mvuke wa masufuria ulikuwa unatambaa juu ya mfereji.

Nitaona mashindano ya mashua?

Usije kwa ajili hiyo. Mifereji ya mji wa kale ni myembamba, na mashua utakazoziona kila siku ni za mbao, za kupigwa kasia moja kwa nyuma, zinazobeba watalii. Bei ni ya mashua nzima wala si ya kila kichwa, kwa hiyo tafuta wenzako mgawane.

Anayezitaka mashua za joka aende Luodian, mji mwingine wa kale, upande wa kaskazini wa Shanghai. Desturi yao iko kwenye orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni, na sifa yake ni kwamba mashua za huko zinajulikana kwa kupambwa kuliko kukimbizwa. Kichwa cha joka kinachongwa na kupakwa rangi kwa ufundi wa hali ya juu. Aliyezoea kushangilia jahazi kwenye Maulidi ya Lamu atashangaa mwanzoni kwamba hakuna anayejali nani wa kwanza, halafu ataanza kuangalia nakshi.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Swali hili napewa kuliko yote, nami nalijibu kwa kirefu kwa sababu mtego wake hauonekani.

Zongzi ni mchele wa kunata uliofungwa kwa majani ya mwanzi na kuchemshwa kwa saa nyingi. Wakongomani wanaojua kwanga watalitambua wazo lake. Zongzi ya kawaida ya Zhujiajiao ina nyama ya nguruwe yenye mafuta, iliyolowekwa katika mchuzi wa soya, wakati mwingine na kiini cha yai la bata lililotiwa chumvi. Hiyo unaijua na utaiepuka. Mtego uko kwenye ile tamu ya maharage mekundu. Kwa mapishi ya jadi ya eneo hili, ndani ya maharage yale hutiwa mafuta ya nguruwe ili yalainike. Hayaonekani, na muuzaji anaweza kukuambia kwa moyo safi kwamba haina nyama, kwa kuwa kwake mafuta si nyama. Tena zote huchemshwa sufuria moja.

Basi tafuta maandishi 清真, yanasomwa qingzhen, maana yake halali. Utayaona kwenye mikahawa ya tambi za Lanzhou inayoendeshwa na Waislamu wa kaskazini-magharibi, kwa kawaida ubao ukiwa na kijani na neno la Kiarabu. Mjini Qingpu kula moja kabla ya kumalizia safari. Zongzi nunua mapema katika duka la halali mjini Shanghai, utie kwenye begi. Inasafiri vizuri na inashibisha kuliko mkate. Ndani ya mji wa kale matunda yapo, chai ipo, na maharage mabichi ya soya yaliyokaushwa kwa moshi ni kitafunwa cha hapa, ila uliza yamepikwa na nini.

Asiye na mwiko ale zharou: kipande cha nguruwe kilichofungwa kwa bua la mpunga na kupikwa hadi kinayeyuka. Marafiki zangu hawarudi bila hicho.

Baiskeli naiacha wapi?

Nje ya mji wa kale, kwenye maegesho, na kufuli zuri. Ndani hupandi, na siku ya sikukuu hata kuisukuma ni kuwasumbua watu. Madaraja yana ngazi za mawe zilizolainishwa na nyayo za mamia ya miaka, zikilowa zinateleza.

Kuna kiingilio?

Kuingia mjini ni bure. Baadhi ya nyumba na bustani zina tiketi, mojawapo Kezhi, bustani ya tajiri iliyoanza kujengwa mwaka 1912. Jina lake linaunganisha kusoma na kulima, naye kweli aliweka maktaba upande mmoja na shamba la mpunga upande mwingine.

Nikilala huko?

Vizuri sana, hasa usiku wa mkesha. Weka nafasi mapema na uulize moja kwa moja kama wanapokea wageni wa kigeni, kwa kuwa wanatakiwa kukuandikisha polisi. Pasipoti iwe mkononi, nakala haitoshi. Ukilala kwa rafiki, sheria inakutaka mjiandikishe ndani ya saa 24.

Simu, pesa, ramani?

Kulipa kwa simu tumia Alipay au WeChat, uziunganishe na kadi yako kabla. Ramani tumia Gaode, ina sehemu ya baiskeli na inazijua barabara zilizokatazwa. Beba noti kidogo za yuani kwa ajili ya bibi asiye na simu, na betri ya akiba.

Nikipata pancha?

Beba tyubu moja, viraka, gundi na pampu. Hata hivyo, kandokando ya barabara kuna mafundi wa pikipiki za umeme, nao wanaziba pancha za baiskeli. Mwite "shifu", ndivyo anavyoitwa fundi mwenye heshima yake, na utaona uso unafunguka. Mama mwenye duka mwite "ayi", yaani mama mdogo au shangazi. Maneno hayo mawili yamenisaidia kuliko kamusi.

Watu watanipokeaje?

Watakutazama, na wengine watataka picha. Una haki ya kukataa kwa tabasamu. Ukiulizwa ulikotoka, Tanzania ni Tansangniya, Kenya ni Kenniya. Mtanzania asishangae mzee akijibu "Tanzan tielu!" Ndiyo reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na kizazi chao kilisikia habari zake tangu utotoni. Mzee mmoja aliponiambia hivyo, mkewe aliingia ndani akarudi na kifuko cha manukato cha Duanwu, akanifungia kwenye usukani wa baiskeli.

Salamu ya siku ni "Duanwu ankang", kutakiana amani na afya. Wengi wanaona hii inafaa kuliko kutakiana furaha, maana siku yenyewe ina kumbukumbu ya kifo.

Naweza kwenda na mtoto wangu?

Aliye chini ya miaka 12 haruhusiwi kuendesha baiskeli barabarani. Njooni naye kwa metro, mkutane darajani.

Kurudi ni lazima kwa baiskeli?

Metro haipokei baiskeli ya kawaida. Ukichoka, kodi kigari cha mizigo kwa simu, wanabeba baiskeli bila maneno. Mwenye nguvu bado, na aliyelala mjini, asirudi kwanza: aendelee na 318 magharibi kilomita kumi na kitu, akipakana na ziwa Dianshan, hadi Jinze. Ni mji wa mifereji pia, una madaraja ya enzi za Song, Yuan, Ming na Qing, na umati wa Zhujiajiao haufiki huko. Pale milango inafunguliwa kwa ajili ya wenyeji. Mara ya mwisho nilifika mchana wa Duanwu, mji umelala usingizi wa baada ya chakula, na kila mlango umefungwa shada lake la aicao linaloanza kunyauka.